Maswali ya Wasomaji: Tasnifu Nzima Haienei Kwenye Bango

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapa Morogoro, na utafiti wangu unalinganisha mahindi yaliyoanikwa juu ya vichanja na yale yaliyoanikwa chini, ili kujua yapi yana aflatoksini, yaani sumu ya kuvu, nyingi zaidi. Chuo chetu kimetangaza mashindano ya mabango ya kisayansi kwa wanafunzi wa uzamivu, na kila mshiriki atatembelewa na majaji kwa dakika chache tu. Msimamizi wangu anataka sura zote tano za tasnifu ziwemo. Nimejaribu, lakini herufi zimekuwa ndogo mno. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Ndugu msomaji, karatasi ya A0, ambayo ndiyo hutumika sana kwa mabango haya, ina upana wa milimita 841 na urefu wa milimita 1,189, yaani takribani mita moja ya mraba, na ukubwa huo ndio unaowafanya wengi wadhani kwamba tasnifu nzima itaenea. Haienei. Bango husomwa na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani, aliyekwisha kupita mengine kumi, na maandishi yaliyo chini ya pointi 24 yatampita tu.

Jiulize hivi: jaji akiondoka kwako, akaulizwa na mwenzake yule wa mahindi amegundua nini, atajibu kwa sentensi gani? Sentensi hiyo ndiyo iwe kubwa kuliko zote. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia nchini Marekani, alipendekeza muundo unaoweka ugunduzi mkuu katikati kwa herufi kubwa na maelezo mengine pembeni. Mimi siufuati wote, kwa kuwa majaji wa sayansi hutaka kuona data. Kwa hiyo, chini ya sentensi yako weka grafu moja tu, na ndani yake uchore mstari wa mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha juu cha aflatoksini zote kinachoruhusiwa katika mahindi kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mstari huo utaeleza mengi kuliko jedwali la safu nane. Epuka kutofautisha makundi kwa nyekundu na kijani, maana wapo wasioweza kuzitenganisha rangi hizo. Idadi ya sampuli usiifiche, hata kama ni ndogo, utaulizwa.

Utangulizi nao usizidi sentensi mbili. Ukitaja kwamba mwaka 2004 aflatoksini iliua watu 125 nchini Kenya, hakuna atakayeuliza kwa nini uliichagua mada hiyo.

Kuhusu msimamizi, usibishane naye kwa maneno. Chapa rasimu mbili kwenye karatasi za A4, moja yenye sura zote tano na nyingine iliyopunguzwa, umwombe azisome akiwa amezishika mkononi. Upana wa A4 ni robo ya ule wa A0, hivyo kisichosomeka hapo ni vigumu kusomeka ukutani, na uamuzi utakuwa wake mwenyewe. Sura zilizobaki ziwe kwenye daftari lako, tayari kwa maswali.

Dukani kwa mchapaji peleka faili la PDF, siku mbili kabla, kwa sababu faili la pawapointi likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine linaweza kubadilisha herufi na kuhamisha grafu.