Shangazi: Mchumba Wangu Amebatizwa kwa Wamormoni, Mchungaji Asema Nimwache

*Shangazi, nina miaka 27, nimeokoka, na nilibatizwa kwa maji mengi katika kanisa letu la kipentekoste hapa Nakuru. Mchumba wangu alijiunga na Wamormoni mwaka jana, na sasa anataka tuunganishwe, yaani tufunge ndoa yao ya milele, katika hekalu la Nairobi. Mchungaji amenipa kijitabu kinachosema watu hao humwabudu Joseph Smith na huoa wake wengi. Mchumba anasema ni uongo, nisali tu juu ya Kitabu cha Mormoni nitajibiwa. Nifanyeje? – Njia Panda*

Binti yangu, kijitabu hicho kirudishe. Mchungaji ana hoja nzito, lakini kijitabu kimezifunika kwa hoja hafifu, na mchumba wako akipangua hizo hafifu ataona amezimaliza zote. Joseph Smith hawamwabudu; kwao ni nabii aliyeanzisha kanisa lao, na husali kwa Baba katika jina la Yesu. Wake wengi waliwahi kuoa kweli, na kanisa lenyewe lilikiri mwaka 2014 kwamba Joseph Smith aliunganishwa hata na wanawake waliokuwa na waume. Lakini zuio lilianza na tangazo la 1890, na leo muumini anayeongeza mke hutengwa. Usimwite Mmormoni pia. Tangu 2018 viongozi wao wamesisitiza jina kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na jina la utani litakufungia mazungumzo kabla hujafika popote.

Anza na Mungu ni nani. Mwombe akusomee Mafundisho na Maagano, kitabu chao kingine cha maandiko, 130:22, panaposema Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Kisha muulize kuhusu mahubiri ya Joseph Smith ya Aprili 1844, miezi michache kabla hajauawa gerezani Carthage, Marekani, alipofundisha kwamba Mungu aliwahi kuwa mtu kama sisi. Walokole hujibu kwa Isaya 43:10: hakuna Mungu aliyeumbwa kabla yake, wala baada yake hatakuwapo mwingine. Mchumba wako atakufungulia ubatizo wa Yesu, Mathayo 3, Baba akisema kutoka mbinguni na Mwana akiwa majini. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa, kwa kukimbilia kusema Yesu ndiye Baba. Utatu haufundishi hivyo. Unafundisha nafsi tatu, Mungu mmoja. Yeye anafundishwa kwamba ni watatu tofauti kabisa, walio na nia moja.

La pili ni wokovu, na hapa nenda polepole, maana mnatumia maneno yaleyale kwa mambo tofauti. Ukimuuliza, "Umeokoka?" atasema ndiyo. Kwao karibu watu wote watafufuliwa na kupata mojawapo ya falme tatu za utukufu. Kwa hiyo uliza hivi: ili niishi na Baba katika ufalme wa juu kabisa, nahitaji nini? Atataja ubatizo wa kanisa lake, maagano ya hekaluni, kuvumilia hadi mwisho. Weka Waefeso 2:8-9, panaposema tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, kando ya 2 Nefi 25:23 ya Kitabu cha Mormoni, panaposema tunaokolewa kwa neema baada ya yote tuwezayo kutenda. Walimu wao wengi wa sasa husoma mstari huo kwa upole zaidi. Mwache aeleze.

Ufunuo 22:18 uuache, ingawa kijitabu lazima kimeutumia. Unazungumzia kitabu cha Ufunuo, na atakukumbusha kwamba Kumbukumbu la Torati 4:2 pia inakataza kuongeza neno. Wagalatia 1:8, unaokataza injili nyingine hata ikiletwa na malaika, una uzito zaidi.

Kuhusu kusali: ahadi anayokupa imo katika Moroni 10:4, mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni. Sali, hakuna ubaya, lakini Waberoya wa Matendo 17:11 waliyachunguza maandiko, hawakungoja moyo upate joto. Na kipo kitu kinachochunguzika. Kitabu cha Ibrahimu, ambacho ni maandiko matakatifu kwao, kilitokana na mafunjo ya Misri yaliyonunuliwa Kirtland, Ohio, mwaka 1835. Vipande vyake vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vilikabidhiwa kanisa hilo mwaka 1967. Wataalamu, wakiwemo wa kanisa hilo, wamevisoma: ni maandishi ya mazishi, na Ibrahimu hatajwi. Kanisa linajibu kwamba huenda sehemu husika ilipotea, au mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Uamuzi ni wako. Mimi jibu hilo halinitoshi.

Muulize pia kwa nini hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakupewa ukuhani. Kanisa sasa limezikana sababu zilizotolewa zamani, lakini mtu wa Nakuru ana haki ya kuuliza.

Sasa harusi. Huwezi kuunganishwa hekaluni bila kubatizwa kwao. Ubatizo wako wa maji mengi hawautambui, na baada ya ubatizo mpya utangoja mwaka mmoja. Siku hiyo mama yako ataketi nje, kwa sababu ndani huingia tu muumini mwenye kibali, na kibali kinadai awe analipa fungu la kumi kikamilifu. Usibatizwe kwa ajili ya harusi. Kabla ya tarehe kupangwa, akujibu: watoto watabatizwa wapi wakifika miaka minane, fungu la kumi litatoka kwenye mshahara wa nani, na usipojiunga kamwe atakuwa na amani nawe? Chai msigombanie. Majani ya chai na kahawa wamekatazwa; tangawizi ndani ya maziwa anakunywa, mwambie mama mapema asione amedharauliwa.

Majibu yakikuridhisha na mchungaji akakataa kuwafungisha, ndoa ya msajili wa serikali inahitaji notisi ya siku 21, na wazazi wa pande zote mbili wataingia.