Maswali ya Wasomaji: Mpinzani wa Poka Anayepandisha Dau Kila Mgawo

SWALI: Ndugu mhariri, tunacheza poka ya Texas Hold'em tukiwa watu sita, na mmoja wetu hupandisha dau karibu kila mgawo, awe na karata au asiwe nazo, wala akijibiwa harudi nyuma. Mimi hutupa karata mara nyingi na chipu zangu hupungua kidogo kidogo, hadi uvumilivu unaniishia na kumfuata nikiwa na karata duni. Je, nami nimpige mikwara, au niendelee kusubiri karata kali?

JIBU: Ndugu msomaji, njia zote mbili zitakugharimu. Mkwara humfaa mtu anayeweza kutishika akatupa karata, na huyo wako umeshasema harudi nyuma. Kusubiri nako kuna kikomo, kwani jozi katika karata mbili za kuanzia huja takriban mara 1 kwa migawo 17, na ree mbili huja mara 1 kwa migawo 221. Ukingoja hizo tu, madau ya lazima yatakuwa yameshakula sehemu kubwa ya chipu zako.

Lakini hesabu hiyohiyo inamhusu na yeye. Karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi katika karata tatu za kwanza za wazi, zile zinazofunuliwa mezani na kutumiwa na wote, takriban mara 2 kati ya 3, na kwa hiyo anayeweka dau kila mara huwa, mara nyingi, hana kitu mkononi. Kazi yako ni kumwacha aendelee kuweka, nawe umfuate kwa karata ambazo dhidi ya mchezaji makini ungezitupa, kama vile jozi ya kati au ree pekee iliyo na mwenza mzuri. Kinachokuongoza hapo ni bei. Ikiwa mezani zimo chipu 100 naye akaweka 100, unalipa 100 ili kuwania 200, na inatosha uwe sahihi mara 1 kati ya 3. Akiweka 50, mara 1 kati ya 4. Akiweka 200, mara 2 kati ya 5. Maana yake ni kwamba utamfuata na kushindwa mara nyingi, mbele ya watu, na bado ukawa umecheza vizuri. Nadhani hapo ndipo wengi hushindwa kuvumilia, kuliko kwenye hesabu zenyewe.

Kabla karata za wazi hazijafunuliwa, thamini zaidi karata kubwa na jozi, na upunguze zile ndogo zinazofuatana, ambazo hufaa tu ukiweza kuona karata za wazi kwa bei rahisi, jambo ambalo yeye haliruhusu. Ree na mfalme hushinda karata mbili zozote takriban mara 65 kwa 100, na ree mbili takriban mara 85. Ukizipata, pandisha upya juu ya dau lake ili wengine waondoke mbaki wawili. Kwa sababu hiyo, ukiweza kuchagua kiti, kaa ili yeye awe mkono wako wa kulia: zamu huzunguka kuelekea kushoto, na utaona alichofanya kabla hujaamua.

Mwangalie pia mtu wa tatu. Anayejitosa katikati ya vurugu hizo, akijua fika tabia ya huyo bwana, mara nyingi ana karata za kweli. Na siku mpinzani wako mwenyewe akianza kufuata kimya kimya badala ya kupandisha, usiharakishe kufurahi: huenda safari hiyo ana karata kali. Kuhusu fedha, tenga mapema kiasi ambacho ukikipoteza hakitakuumiza, kwa kuwa meza yenye mtu huyu hupanda na kushuka kwa kishindo. Ukihisi hasira inakutawala, ondoka.

SWALI: Mimi nina tatizo hilohilo, ila viti vyetu hupangwa kwa kura na mara nyingi mchezaji huyo hunikalia kushoto. Nifanyeje?

JIBU: Utakosa faida ya kumwona kwanza, lakini pupa yake bado inatumika. Ukiwa na karata kali, ingia kwa kufuata dau la lazima tu, kwa maana karibu ni hakika kwamba atapandisha yeye. Zamu ikikurudia, ndipo upandishe upya, wakati wengine waliomfuata wameshaacha chipu zao mezani. Baada ya karata za wazi kufunuliwa, pita bila kuweka dau hata ukiwa na jozi ya juu, yaani ile inayolingana na karata kubwa kuliko zote za wazi, umwachie aweke yeye. Karata za wastani zitupe mapema, kwani ukikaa mbele yake hujui bei ya kuendelea mpaka uwe umeshaingia.