Kabla hawajaichoma neva ya uso wako, uliza kuhusu jicho

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bukavu aliniandikia kwamba madaktari wamemshauri achomwe neva ya uso, ile inayoleta hisia za uso, ili maumivu yake makali ya uso yaishe, akataka kujua kama mimi niliyetangulia ninajuta. Sijuti. Hata hivyo nimechukua siku tatu kumjibu, kwa kuwa jibu langu lina sehemu mbili, na ya pili mimi sikuambiwa na mtu.

Maumivu yenyewe sitayaeleza sana, maana anayeyajua hahitaji kuelezwa: umeme unaopasua shavu kwa sababu tu upepo wa ziwa umekugusa. Nilidhani ni meno. Mawili yaling'olewa hapa Goma, mazima kabisa, na maumivu yakabaki palepale. Dawa ya karbamazepini ilinisaidia kwa miaka, mpaka dozi ikapanda nikawa nayumba barabarani kama mlevi, mimi ambaye sijaonja hata kasiksi.

Familia ikachanga, nikaenda Nairobi. Sindano ndefu iliingizwa kando ya mdomo, ikapenya shavuni hadi kwenye tundu la mfupa chini ya fuvu inamopita neva hiyo, ya tano kati ya neva za kichwa. Walinilaza kwa dawa, wakaniamsha, wakanigusa uso wakiuliza ninahisi wapi, kisha wakanilaza tena na kuichoma kwa joto la nyuzi 70 hivi, kwa muda wa dakika moja tu. Nilipozinduka umeme ulikuwa umekwisha. Nililia kwa furaha.

Nilikuwa nimeambiwa nitabaki na "ganzi kidogo". Sasa tuelewane: ganzi si ajali ya matibabu haya, kwani neva iliyounguzwa isilete maumivu haileti mguso pia. Lakini neno "kidogo" bado linaniuma. Sombe hunibaki pembeni ya mdomo hadi mtoto anionyeshe kwa kidole, na mara ngapi nimejing'ata shavu nikajua kwa ladha ya damu tu! Misuli ya kutafuna nayo ililegea, taya likawa linakwenda upande kila nilipofungua mdomo. Hilo lilipona baada ya miezi minne.

Jicho ndilo lililonifundisha adabu. Neva hii ina matawi matatu, la jicho na paji la uso, la shavu, na la taya. Maumivu yangu yalikuwa ya shavu na taya, ila joto lilifika hadi tawi la juu, na konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ikafa ganzi. Nanyi mnalijua vumbi letu jeusi la volkeno. Siku moja nilipanda pikipiki kutoka Katindo bila miwani, chembe ikaingia jichoni, nami nikaibeba kutwa nzima bila kuisikia. Jioni binti yangu akashtuka: "Mama, jicho lako limekuwa kama pilipili!" Konea ilikuwa na kidonda. Daktari wa macho aliyeniokoa alishangaa kwamba nilirudishwa nyumbani bila hata matone ya kulainisha jicho, na mimi bado nashangaa.

Kwa hiyo, dada yangu, usione haya kuuliza. Uliza ni tawi gani litakalochomwa, na uliza kuhusu jicho. Uliza kama unaweza kupata ule upasuaji mkubwa wa kuutenga mshipa wa damu unaoikandamiza neva, ambao una hatari zake lakini kwa kawaida hauanzi kwa kuiunguza neva. Uliza pia kuhusu ganzi inayouma, ambayo huwapata wachache lakini ni ngumu mno kutibu, na kuhusu maumivu kurudi baada ya miaka. Halafu uliza tena kuhusu jicho! Sisi tumezoea kuinama mbele ya koti jeupe, tukisema "ndiyo, docteri" kwa jambo ambalo hatukulielewa, na mzigo tunabeba wenyewe.

Siku hizi nalitazama jicho langu kwenye kioo asubuhi na jioni, na likiwa jekundu au likiona ukungu, siku hiyohiyo naenda hospitali. Barabarani navaa miwani ya plastiki ya mafundi niliyoinunua soko la Virunga. Vijana wa pikipiki wa mtaani kwetu wananiita Mama Fundi, nami naitika.