Hodi za mchana: aliyebaki nyumbani mpe ruhusa ya kukataa

Tukiongelea usalama wa nyumba wengi tunawaza usiku, tunakumbuka vile vikundi vya vijana vya Panya Road 2022 walivokuwa wanavamia watu Dar na mapanga, basi tunaweka grili, tunaweka vipande vya chupa juu ya ukuta, mwenye hela zake anaweka na waya wa umeme. Sawa. Ila mimi naishi Tabata, na nikiangalia nyumba za mtaani kwetu zilizoibiwa miaka hii, nyingi mlango haukuguswa kabisa, ulifunguliwa kwa ndani, saa nne asubuhi jua linawaka, na mtu aliyepewa maneno matamu. Anayefungua mara nyingi ni dada wa kazi au mtoto aliyewahi kutoka shule, mana wewe muda huo uko kazini au bado uko kwenye foleni.

Kwa hiyo anza na huyo aliyebaki nyumbani, grili baadae. Binti katoka kwao Singida au Iringa, kule mtu akipiga hodi anapewa kiti, anapewa maji, ndo anaulizwa shida yake. Kumwacha mtu mzima kasimama juani ni kukosa adabu, na anachoogopa zaidi ni kwamba mgeni akija kuwa ndugu yako jioni atasemwa yeye. Matapeli wanalijua hilo vizuri sana. Anakuja mtu shati limenyooshwa, anaongea kwa haraka, "mama kanituma nichukue ile TV niipeleke kwa fundi, fanya haraka boda inanisubiri", na dada anaona akichelewesha atakuwa kamkosea bosi. Mwingine anakuja na habari mbaya, baba kagongwa, yuko hospitali, inatakiwa hela saivi saivi, binti anachanganyikiwa anatoa hadi ya kikoba iliyokuwa kabatini.

Kwangu tulikaa mimi, mume wangu na dada, tukaongea mara moja wote tukisikia: hata akija mtu anasema ni mama yangu mzazi, kama humjui sura asubiri nje ya geti, unipigie. Na simu yake nahakikisha ina salio, hili watu wanalisahau, unamwambia nipigie afu simu haina hata dakika moja. Tuna na neno letu la siri la familia, mtu akisema katumwa na sisi aulizwe hilo neno, asipolijua hatoki na hata kijiko. Kuna siku shemeji yangu katoka Moro bila taarifa, kasimama getini weee, mimi niko kwenye kikao sipokei simu, kuja kuingia ndani kanuna kama nini. Nikamwomba radhi shemeji yangu, ila dada nikamsifia palepale mbele yake, na shemeji akasikia. Hiyo sifa inafanya kazi kuliko kufuli lolote utakalonunua Kariakoo, mana ukimgombeza siku hiyo moja tu, kuanzia kesho anamfungulia kila anayepita.

Watoto nao wana lao. Unamtuma mtoto akaseme haupo, anaenda anasema "mama kasema nikwambie hayupo". Tunacheka, lakini hilo la hayupo lenyewe halifai hata likisemwa vizuri, mana mtu akiuliza "mzee yupo?" mara nyingine anachotafuta ni hilo jibu tu. Wangu nimewafundisha waseme "yupo bafuni, unasemaje?" na wasiongeze neno. Hamna cha anarudi saa ngapi, hamna cha kaenda wapi.

Sasa wale wanaojitambulisha kwa kazi. Mtu wa umeme, wa maji, wa king'amuzi, wa mtaa, wa chanjo. Hapa inasaidia kujua kazi halisi inafanyikaje, mana ukijua, uongo unajitokeza wenyewe. Mita ya umeme ya LUKU unalipa kabla, hamna mtu wa kuja kukusomea matumizi sebuleni. Hata ile ishu ya kuboresha mita, zilizotakiwa ziwe tayari kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, ulikuwa ukinunua umeme unatumiwa mafungu ya namba za tarakimu 20 unaziingiza mwenyewe kwa mpangilio, basi, imeisha. Kuna jamaa alikuja kwangu wakati ule na kikoti cha kung'aa anataka aingie ndani "kuapdeti" mita na hela ya usumbufu nimpe mkononi, nikamjibu kutokea dirishani kwamba nimeshaingiza namba zangu, akaondoka hata hakubisha. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu akikudai mlangoni kwa cash mwambie akuletee namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanzaga na 99, uilipie mwenyewe kwenye simu. Na ukitaka kuhakikisha, piga ile namba iliyo kwenye risiti yako ya zamani, usipige anayokupa yeye, anaweza akawa na mwenzake amekaa pale kwenye kibanda cha chipsi anapokea "haloo ofisini".

Kumbukeni sensa ya Agosti 2022. Tulitangaziwa miezi kabla, makarani wakaja na vitambulisho na vishikwambi na mtu wa mtaa tunayemfahamu anawaonyesha nyumba. Ujio wa kweli mara nyingi una sura hiyo, unatanguliwa na taarifa na unaongozana na mtu wa mtaani. Kwa hiyo kuwa na namba ya mjumbe na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwenye simu, tena na dada awe nazo. Mtu wa kweli ukimwambia "ngoja nimpigie mjumbe" anakaa kivulini anasubiri. Tapeli anakumbuka ana sehemu ya kuwahi.

Anayeomba maji ya kunywa sisemi mnyime, sitaki tufike huko. Mpe, ila mpitishie kwenye grili, mlango ubaki umefungwa. Wazee wa pwani mbona walikuwa nalo hili, mgeni mwanaume anapokelewa barazani, anakaa, anakunywa kahawa, mazungumzo yote yanaishia hapohapo nje na hakuna aliyeona kadharauliwa. Sisi wa nyumba za kisasa tumeondoa baraza tukabaki na mlango unaofungukia kwenye TV. Mimi nimeweka viti viwili vya plastiki hapo kwenye korido ya nje, wauza vyombo, wa maombi, wanaouliza nyumba ya kupanga, wote wanaishia hapo.

Ya usiku nayasema kwa kifupi tu. Umeme ukikatika chungulia kwanza kama kwa majirani unawaka, kama unawaka na kwako tu ndo giza usitoke, mana switchi za nje zinazimwa makusudi ili utoke kuangalia. Bomba la nje likisikika linatiririka lenyewe, acha limwagike, bili utalipa. Piga simu kwa jirani, andika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na polisi ni 112.

Ila kuna jambo nataka niliseme wazi hata kama wengine hawatalipenda. Usimpigie mtu kelele za "mwizi!" kwa sababu tu kagonga na humwelewi. Wote tunajua neno hilo likishatoka mtaani kwetu nini kinafuata, mawe, matairi, na watu wameshauawa ambao walikuwa wamepotea njia tu au ni wagonjwa wa akili. Kama una wasiwasi ita jirani kwa jina lake, "Baba Neema! Njoo mara moja hapa", inatosha kabisa, mwenye nia mbaya akisikia jina la mwanaume linaitwa anasepa, na aliyepotea anaelekezwa njia.

Wanaosema ni polisi ndo wanaotuumiza kichwa zaidi, na kwa yanayosikika miaka hii sitaki mtu aone kuuliza ni ubishi. Uliza kupitia dirishani jina, kituo, kitambulisho, na kama ni kupekua uliza hati, na omba mjumbe aitwe awe shahidi. Wakichukua kitu wanatakiwa wakuandikie risiti, hiyo iko kwenye sheria. Ongea kwa heshima, mikono ionekane, huku mwenzako ndani anapiga simu kituoni kuulizia kama wametuma watu. Usiwaze kupambana nao.

Afu kitu kimoja kwa wapangaji, mnakisahau kila siku. Mkihamia nyumba mpya badilisheni kitasa siku hiyohiyo, mana funguo za zamani zimeshapita kwa mpangaji aliyetoka, kwa dalali, kwa fundi rangi, na hao hawana haja ya kupiga hodi. Kile cha mwenye nyumba kitunzeni kwenye mfuko, mkihama mnamrudishia na chenu mnaondoka nacho.