Machale yakikucheza, usifute upesi

SWALI: Ndugu mhariri, nimeandika hadithi fupi ya mzee aliyetoka kumzika mkewe. Katika rasimu ya kwanza, akifika nyumbani anakaa kizingitini, anachukua viatu vya marehemu na kupiga brashi kiatu kimoja tu. Wenzangu watatu tunaosomeana kazi wakauliza, "Mbona kimoja? Maana yake nini?" Sikuwa na jibu, nikafuta. Badala yake nikaandika: "Machozi yalimtiririka njia mbili mbili, moyo ukamuuma kama uliochomwa mkuki." Sasa wao wameridhika, mimi sina raha. Nitajuaje lini niyasikilize machale yangu? Na nitajuaje kwamba wazo ni langu, si la vitabu nilivyosoma?

JIBU: Kirudishe kiatu, kisha tuzungumze.

Funika nusu ya sentensi yako mpya kwa kiganja, ubakize "Machozi yalimtiririka". Mwombe mtu yeyote amalizie. Atasema "njia mbili mbili" kabla hujaondoa mkono. Sasa mpe hii: "Akachukua viatu vya marehemu..." Mmoja atasema akavikumbatia, mwingine akavificha uvunguni. Kwenye kiatu kimoja hafiki mtu. Hapo ulikuwa peke yako, na ndiyo maana uliogopa.

Machale si uganga. Mwaka 1973 watafiti wa saikolojia William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao wa sataranji kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa katika mpangilio wa mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali anayejifunza. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia kitu. Bingwa alikuwa anatambua sura alizokwisha kuziona mara nyingi, bila kuzihesabu. Mwandishi naye ni hivyo hivyo: miaka ya kusoma na kutazama watu inaamua kabla akili haijapata sababu ya kutaja.

Tatizo ni kwamba ghala hilo hilo ndilo lenye "moyo uliochomwa mkuki". Machale na mazoea yote huja haraka, kwa hiyo kasi isikudanganye. Mimi huangalia kilichotangulia kufika. Mazoea huleta maneno, tena yameshapangwa, yanasubiri nafasi tu. Machale huleta kitu: kiatu, brashi, mkono uliosimama katikati ya kazi. Maneno yake unayatafuta mwenyewe, kwa taabu.

Wenzako nao usiwapuuze. Watu watatu wakijikwaa mahali pamoja, pana kisiki. Ila aliyejikwaa anajua kidole kinachouma, hajui kisiki kimetokea wapi. Nashuku viatu vile vinaonekana kwa mara ya kwanza kwenye mstari ule ule unaotaka vibebe msiba mzima. Ni mzigo mkubwa kwa kitu kigeni. Rudi ukurasa wa kwanza, mke yungali hai: avue kiatu kimoja mlangoni, akikung'ute kijiwe, akivae, aendelee na maneno yake. Sentensi moja inatosha. Usimfanye mzee akumbuke kijiwe baadaye, wala usieleze lolote; ukieleza utakuwa umewajibu wale watatu na kuiua hadithi.

Kuhusu wazo kuwa lako: kisa si mali ya mtu. Kisa cha Romeo na Juliet Shakespeare alikitwaa kwenye shairi refu la Arthur Brooke lililotoka mwaka 1562, na Brooke naye alikipokea kutoka kwa Wafaransa na Waitalia. Upya huwa katika namna ya kutazama, na mara nyingine katika umbo lenyewe. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo, watetezi wa kanuni hizo za zamani, walisema hayo si mashairi. Lakini hakuvunja kanuni asizozijua. Anayesema "ndivyo nilivyohisi" ili akwepe kusahihisha sarufi, huyo ni mvivu tu, na miswada ya namna hiyo naipokea mingi.

Siku hizi ninapohariri, mstari nisioweza kuueleza nautia nukta ya penseli pembeni na kuuacha wiki mbili. Sikuwa hivyo zamani. Niliwahi kumfutisha mwandishi mmoja mstari kuhusu mtoto aliyekuwa akihesabu vitasa vya milango, kwa kuwa "haukuwa na kazi". Kitabu kilitoka bila huo mstari. Yaliyobaki ndani yake nimeyasahau, vitasa bado ninavyo.

Fanya hivyo kwa kiatu chako. Rasimu ya zamani itunze kwenye faili lake, iandike tarehe, na mpya usiwaonyeshe wenzako mpaka imalizike yote. Halafu kata ile sentensi ya mkuki, na machozi yasitangulie brashi. Mzee akae, apige kiatu kimoja, hadithi iendelee.