Tanga inamghani Shaaban Robert bila kumtaja

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza hivi: Shakespeare bado anaubeba mji wa Stratford alikozaliwa, je, mwandishi mkubwa wa kwenu ameuachia mji wake nini? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tanga, na kwetu jina la kuanzia ni moja tu, Shaaban Robert. Najua mlikuwa na waandishi wa tamthilia akilini, na yeye tunamjua zaidi kwa tenzi, insha na hadithi. Tamthilia nayo nitaifikia.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji kwa njia ya Pangani, tarehe 1 Januari 1909. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni: kwanza forodhani, mwishoni hapa hapa Tanga, katika ofisi ya wilaya kisha upimaji wa ardhi. Alifariki Juni 1962, nchi haijatimiza hata mwaka wa Uhuru, akazikwa Machui.

Watu wakiulizwa kuhusu urithi wake hukimbilia kutaja vitu vyenye jina lake. Dar es Salaam wana shule ya sekondari na wana barabara, ile ya Makumbusho ya Taifa. Jina linamstahili, sina ugomvi nalo. Ila mtu anaweza kupita barabara hiyo kila siku ya kazi mpaka akastaafu bila kufungua hata ukurasa mmoja wa kitabu chake, Kusadikika. Mimi urithi wake nimeukuta kwingine.

Mwaka juzi nilialikwa Makorora, mtaa wa hapa Tanga, usiku wa kumfunda bi harusi. Mambo yenyewe ya ndani hayaandikwi gazetini. Lakini ilifika saa somo, yaani kungwi anayemfunda mwali, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alinyamazisha ngoma, akamwambia mwali akae vizuri kwenye mkeka, akaanza kughani. Beti ya kwanza tu nikaijua: Utenzi wa Hati, wasia ambao Shaaban alimwandikia binti yake. Somo hakuwa na karatasi. Aliruka beti hapa, akachanganya mbili pale, mahali pengine akatia maneno yake mwenyewe, na wanawake wakawa wanamalizia vina pamoja naye. Baadaye nilimuuliza, "Somo, zile beti ni za nani?" Akanijibu, "Za wazee, mwanangu. Mama alikuwa akitughania tukichambua mchele."

Usiku ule nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtunzi, maneno yake kuingia katika malezi ya watu mpaka wakaona ni yao tangu asili. Nikaumia kwa sababu pale Makorora, mwendo mfupi wa daladala kutoka alikozikwa, hakuna aliyemtaja. Mtunzi asiyetajwa hatafutwi, na asiyetafutwa vitabu vyake vinabaki kabatini. Kuna vijana Tanga hii wanaodhani Shaaban Robert aliandika kitabu kimoja, kile cha mtihani.

Niseme pia kwamba kumheshimu si kukubali kila alichosema. Katika Hati zipo beti za mke kumtii mume ambazo wasichana wangu darasani hawazimezi. Wanasimama wanampinga, tena kwa hoja, na mimi nawaacha. Aliyeandika Kusadikika angewaelewa.

Na hapo ndipo tamthilia inapoingia. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinasomwa kama hadithi, lakini mwili wake ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya uanasheria, mshtaki wake ni Waziri Majivuno, na mfalme amekaa kusikiliza. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku kuitafutia nchi manufaa, wakarudi na heri, wakalipwa kifungo. Nchi yenyewe iko angani, haimo katika ramani ya mtu yeyote. Ndivyo karani wa serikali ya kikoloni alivyoweza kuuliza, mchana kweupe na kwa chapa, kwa nini mtawala anamfunga anayemletea habari njema.

Tuliigiza kesi hiyo shuleni chini ya mwembe, bila jukwaa. Majivuno alivaa joho la kuazima lililomburuza, na akajisahau kabisa, akawa anamfokea Karama mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mjumbe wa tatu alipohukumiwa, mlinzi wa getini aliacha lindo lake akaja kusimama nyuma ya watoto. Wa nne akafungwa, wa tano naye. Mlinzi akashindwa kuvumilia, akasema kwa sauti, "Na huyu naye kosa lake nini?" Wanafunzi wakageuka wote. Kwa miaka nimefundisha dhamira za kitabu kile ubaoni, na sijawahi kupata swali zuri kama lile.

Sasa turudi Stratford kidogo, kwa sababu watu wakiisikia huona kama sisi tumelala. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Nyumba aliyozaliwa ilinunuliwa kwa michango ya umma mwaka 1847, zaidi ya karne mbili baadaye. Jumba lao la kwanza la kudumu la maonyesho ya kumkumbuka lilifunguliwa mwaka 1879. Kwa hiyo hatujachelewa. Kwetu pia wapo waliohifadhi: ndugu yake Yusuf Ulenge, mwandishi mwenyewe kwa haki yake, alizitunza barua ambazo Shaaban alimwandikia kati ya mwaka 1931 na 1958, na mwaka 2002 zikatoka kuwa kitabu. Mtu mmoja na barua zake amefanya kazi kubwa kuliko vibao vingi.

Ninachokitaka mimi hakihitaji jengo wala mfadhili. Siku yake ya kuzaliwa ni Januari mosi, shule zimefungwa, watu wako nyumbani. Tukutane Machui tumghani. Nimechagua Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga kuhusu vita vya mwaka 1939 hadi 1945, kwa sababu una beti 3,000 na shuleni hatuugusi. Shule 30 zikichukua beti 100 kila moja, utenzi umekwisha. Madrasa zisiachwe nje. Kwa kughani, vijana wa madrasa wanatushinda sisi wa sekondari. Na nitamleta yule somo wa Makorora, aghani Hati yake kwa namna yake, safari hii mtunzi akiwa ametajwa kwanza.

Wanafunzi wangu wameshachukua beti 100 za mwanzo na wanafanya mazoezi kila Ijumaa jioni. Zimebaki 2,900. Shule au madrasa inayotaka fungu lake iandike kupitia jarida hili.

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga