Uwanja mbadala usiwe chini ya wingu lile lile

Mwalimu mwenzangu, nadhani najua ulivyoipata kazi hii. Mkuu wa shule alisimama kwenye kikao, akasema mwalimu wa ushauri na unasihi amehama, kisha akakutaja wewe. Vipindi vyako havijapunguzwa, madaftari yanakusubiri, na sasa wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wanapanga mstari mlangoni kwako kuuliza waelekee wapi. Mimi niliingia kwa mlango mwingine. Nilikuwa rubani wa jeshi, nikastaafu nikiwa Ukonga, na jirani yangu mmoja mwalimu akaniomba nije niongee na vijana wake Jumamosi moja. Tangu hapo sijatoka.

Jumamosi ile nilivaa nishani zangu zote. Vijana walipiga makofi, wakauliza ndege inakwenda kasi gani, na karibu wavulana wote waliokuja mezani baadaye walisema wanataka urubani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kinachomsumbua. Nikaelewa kwamba walikuwa wanachagua kifua changu. Nishani zimo kabatini nyumbani, na shuleni nakwenda na shati la kawaida. Nawe kama una shahada ya uzamili ukutani, au cheo, jihadhari navyo. Mtoto akikuona mkubwa mno atakupa jibu unalopenda kulisikia.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili la uwanja mbadala.

Rubani hapangi safari ya uwanja mmoja. Ukitoka Mwanza kuja Dar es Salaam, kabla ya kuwasha injini umeshaandika utakwenda wapi ikiwa Dar hapatueki, na umebeba mafuta ya kufika Dar, ya kutoka Dar kwenda huko kwingine, na akiba juu yake. Nilipokuwa mwanagenzi niliandika Zanzibar, kwa kuwa ni dakika chache tu kuvuka maji. Mkufunzi alinirudishia karatasi. Mvua ya masika inayoifunga Dar mwezi Aprili, alisema, mara nyingi iko Zanzibar pia. Andika Kilimanjaro, ubebe mafuta zaidi.

Sasa tazama karatasi ya kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anayekuja kwako. Chuo cha kwanza udaktari, cha pili udaktari, cha tatu na cha nne udaktari. Yeye anahesabu njia nne, lakini ana moja. Ushindani utakaomzuia Muhimbili ndio utakaomzuia na kule kwingine. Mwonyeshe mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, halafu mweleze jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamechelewa: sifa za chini zilizoandikwa pale zinamruhusu kuomba tu. Wakiomba wengi kuliko nafasi, chuo kinaanza na wenye alama za juu, na mwenye sifa za chini anabaki nje ingawa hakukosea chochote.

Uwanja mbadala wake uwe mahali anapoweza kutua na kuishi. Famasia, maabara, uuguzi, lishe, afya ya mazingira, sayansi za kilimo pale Sokoine. Au stashahada inayosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambayo akiimaliza vizuri inamrudisha kwenye mlango wa shahada. Usimpachike tu jina la kozi ili karatasi ijae. Muulize kama anajua mtu wa kazi hiyo anafanya nini saa nne asubuhi. Asipojua, mtume akaulize, arudi wiki ijayo.

Kwa wale wa urubani nina neno la peke yake. Kabla mzazi hajauza kiwanja cha Chanika kulipia mafunzo, kijana apimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Macho yasiyotofautisha rangi vizuri yanaweza kufunga njia, na ni afadhali kulijua hilo kabla ada haijalipwa. Kisha mwambie kuhusu wanaoiwezesha ndege kuruka huku wao wamebaki chini: mafundi, waongoza ndege, watabiri wa hali ya hewa. Chuo cha usafiri wa anga kiko hapa hapa Dar, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo. Niliruka miaka mingi nikiwa hai kwa sababu ya mafundi ambao hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza habari zao.

La pili ni masikio, na hili nimelilipia.

Ukiwa ndani ya wingu, sikio la ndani linadanganya. Ndege ikiinama taratibu, majimaji yaliyomo sikioni yanatulia, na mwili mzima unaapa kwamba umenyooka, kumbe unazunguka huku unashuka. Anayeufuata mwili wake huanguka. Dawa yake ni kuvisoma vyombo na kuvitii, hata tumbo likikataa.

Mwaka wangu wa kwanza aliletwa binti aliyemaliza kidato cha nne. Baba yake, dereva wa lori, alisema huyu ni mhandisi. Binti alikuwa mwerevu, anajibu haraka, nami nikahisi mhandisi pia. Dakika tano hazikuisha, nikasema PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Matokeo yake yalikuwa mezani: Biashara A, Hisabati B, Fizikia C ya kusukuma. Vyombo vilikuwa mbele yangu, sikuvisoma. Binti alinyamaza, nikauchukua ule ukimya kuwa ni kukubali. Alihangaika na Fizikia miaka miwili, akatoka na matokeo yasiyomfikisha chuo kikuu, na sasa anasoma stashahada ya uhasibu, kitu alichokitaka tangu mwanzo. Nilimfuata kumwomba radhi. Akasema, "Hamna neno, mzee, shikamoo." Salamu ile iliniuma kuliko angenilaumu.

Tangu siku hiyo, kikao cha kwanza sitoi ushauri. Nina daftari, naandika anachosema kwa maneno yake, karatasi ya matokeo iko kati yetu, na nimekaa ubavuni pake, meza haitutenganishi. Kimya chake nakiuliza. Mzazi nakutana naye kikao cha pili. Mama mmoja anayeuza samaki Gongo la Mboto aliniambia, "Afande, wewe mwamrishe tu, atakusikia." Nilimjibu, "Mama, keti hapa, tumsikilize wote wawili." Tulikaa saa nzima. Kumbe kijana alikuwa anaogopa kusema kwamba anataka chuo cha ufundi stadi, VETA Chang'ombe, kwa sababu mama amejinyima miaka sita akingojea chuo kikuu. Vikao vya namna hiyo vinachosha. Vipe muda hivyo hivyo.

Makaratasi nayapitia haraka, ila yanaua ndoto nyingi kimyakimya. Anayeomba mkopo aanze mapema kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Aliyerudia mtihani ana namba mbili za kidato cha nne: anayotumia kuomba chuo iwe ile ile anayotumia Bodi ya Mikopo. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja ndani ya muda, na ujumbe wa kuthibitisha unakuja kwenye simu aliyoandika. Wengi huandika simu ya mjomba aliye mkoani. Waulize kila mmoja: hiyo laini iko mfukoni mwa nani?

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai. Wiki hiyo usisafiri, na uwe na vocha. Utapigiwa kwanza na waliofaulu. Ukishawapongeza, fungua daftari lako, tafuta majina ambayo hayajapiga, uwapigie wewe.